Boa wa mitini hang'ati kwa chuki, ila Eastlands si makao yake

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kufuga mnyama si jambo geni. Kuanzia Kaloleni na Makadara hadi Umoja, Kayole na Dandora, wapo wakazi wanaofuga kuku uani, njiwa juu ya mapaa, sungura katika vizimba vya mbao na mbwa wa kulinda lango. Nyoka hana nafasi katika orodha hiyo. Anapoonekana kwenye mtaro au nyuma ya tangi la maji, kinachofuata ni mayowe, mawe na rungu, na aghalabu hakuna anayesubiri kuuliza ni nyoka wa aina gani.

Licha ya uoga huo, picha za nyoka wenye rangi za kupendeza, waliojikunja juu ya kijiti kama kamba ya jahazi, huenea kwenye simu za vijana wa mitaa hiyo hiyo. Miongoni mwa wale wanaovutia macho zaidi ni boa wa mitini, nyoka wa Amerika Kusini ambaye wafugaji wa Ulaya na Marekani wamemweka majumbani kwa miaka mingi. Anayeitazama picha huona mnyama mtulivu. Asichokiona ni kwamba utulivu huo ni wa mwindaji anayevizia, wala hauna uhusiano wowote na kuzoea watu. Kutokana na kosa hilo la kusoma tabia, mfugaji hupata majeraha, jirani hupata hofu, na nyoka mwenyewe aghalabu hupoteza uhai.

Boa ni jamaa wa karibu wa chatu kwa maumbile na mbinu za kuwinda. Hana sumu. Huuma windo, hulikamata kwa meno, kisha hujiviringisha na kulibana hadi damu iache kuzunguka. Tofauti kubwa ni kwamba chatu hutaga mayai ilhali boa, isipokuwa wachache, huzaa watoto walio hai. Barani Afrika hakuna boa wa mitini hata mmoja wa asili. Makao yao ni misitu ya Amazon na nchi jirani, ambako hujulikana kwa jina la kisayansi la Corallus.

Wawili kati yao ndio hufugwa zaidi. Wa kwanza ni Corallus hortulana, boa mwembamba anayefikia urefu wa mita moja na nusu au zaidi kidogo, mwenye rangi zinazotofautiana ajabu: wa manjano, wa machungwa, mwekundu, wa kijivu na wa kahawia wanaweza kuzaliwa tumbo moja. Wa pili ni Corallus caninus, boa wa kijani aliyekoza kama zumaridi, mwenye madoa meupe mgongoni na mwili mzito zaidi. Watoto wake huzaliwa wakiwa wekundu au wa rangi ya machungwa, na hugeuka kijani kadiri wanavyokua. Wote wawili huishi juu ya matawi, hulala mchana na kuamka jua linapotua.

Kuhusu tabia, huyo wa kwanza ana sifa mbaya ambayo hakusingiziwa. Miongoni mwa nyoka wasio na sumu wanaofugwa, ni vigumu kumpata mwepesi wa kung'ata kumshinda. Huinua shingo, huikunja mithili ya herufi ya S, kisha hujirusha mbele kwa kasi ambayo mkono wa binadamu hauwezi kuikwepa. Boa wa kijani ni mpole kidogo wakati wa mchana, lakini usiku hubadilika kabisa. Isitoshe, meno yake ya mbele ni marefu mno kwa nyoka asiye na sumu, kwa kuwa yameumbwa kushikilia windo lisidondoke kutoka mtini. Nyoka wa ardhini akikosa kulishika panya vizuri anaweza kulifuata. Wa mtini akiliachilia limepotea.

Sababu ya wepesi huo inapatikana mdomoni. Kati ya magamba ya midomo ya boa wa mitini mna vishimo vidogo vinavyohisi joto. Kwa vishimo hivyo, nyoka hutambua gizani kiumbe chenye damu moto hata kama hakioni kwa macho. Mwaka wa 2010, watafiti wa maabara ya David Julius katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza katika jarida la Nature jinsi neva za vishimo hivyo zinavyofanya kazi. Walipata kwamba protini inayohusika ni ile ile inayompa binadamu hisia ya ukali anapokula haradali. Kwa nyoka hawa, protini hiyo imegeuzwa kuwa kipimajoto.

Maana ya jambo hili kwa mfugaji ni nzito. Mkono unaoingizwa kizimbani usiku una joto, unasogea, na pengine unanukia panya aliyeshikwa dakika chache zilizopita. Nyoka hana njia ya kujua kwamba huo ni mkono wa mwenye nyumba. Kwake ni popo, ndege au panya aliyepita karibu na tawi. Kumlaumu kwa kung'ata ni sawa na kulaumu mtego wa panya kwa kufyatuka.

Wazoefu hutofautisha mashambulizi ya aina mbili. La kwanza ni la kujihami: nyoka ameogopa, anapiga na kurudi nyuma upesi, na jeraha huwa ni safu ya vitobo vidogo vinavyotoka damu. La pili ni la njaa: nyoka anapiga, hang'oi meno, na anaanza kujiviringisha kwenye kiganja au kifundo cha mkono. Hili la pili ndilo linaloumiza, kwa sababu silika ya binadamu ni kuvuta mkono, na meno ya boa yamepinda kuelekea kooni. Anayevuta hujichana mwenyewe, huvunja meno ya nyoka yakabaki ndani ya nyama, na huenda akamjeruhi nyoka taya. Ushauri wa wanaojua ni kutulia, kumfungua nyoka mwilini kuanzia mkiani, na kummwagia maji baridi kichwani hadi aachilie. Baadaye jeraha huoshwa kwa maji mengi na sabuni, huangaliwa kama kuna jino lililosalia, na mgonjwa huenda kituo cha afya kudungwa sindano ya pepopunda ikiwa kinga yake imepitwa na wakati. Kinywa na kinyesi cha nyoka hubeba bakteria, wakiwemo wale wa Salmonella wanaosababisha homa na kuhara, hivyo kunawa mikono ni lazima hata siku ambayo hakuna aliyeumwa. Watoto wachanga hawafai kukaribia kizimba kabisa.

Namna ya kumshughulikia boa wa mitini inafuata tabia yake. Kazi zote za kizimbani, kama vile kubadilisha maji na kuondoa uchafu, hufanywa mchana nyoka akiwa amelala juu ya kijiti chake. Mkono hautangulii. Kinachotangulia ni fimbo ndefu ya chuma yenye ncha iliyopinda, ambayo humgusa nyoka polepole mgongoni ili atambue kwamba mlango haujafunguliwa kwa ajili ya chakula. Ishara hiyo ikirudiwa kila mara, wengi wao huacha kupiga kiholela. Hatua hiyo haipaswi kuitwa mapenzi. Ubongo wa nyoka hauna nafasi kubwa ya urafiki. Anachojifunza ni kwamba mguso fulani hauleti chakula wala madhara.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kumng'oa nyoka kijitini. Boa wa mitini hujifunga kwa mkia kama mtu aliyekumbatia nguzo, na kumvuta kwa nguvu kunaweza kuumiza uti wake wa mgongo. Njia bora ni kutengeneza kizimba ambacho kijiti chake kinaondoleka, ili akihamishwa ahamishwe pamoja na tawi lake. Akilazimika kubebwa, mwili hushikiliwa sehemu mbili au zaidi, fimbo ikiwa karibu na shingo na mkono ukiwa nyuma, huku uso wa mbebaji ukikaa mbali. Asibebwe kwa siku kadhaa baada ya kula, maana atatapika, na kutapika kwa boa wa kijani ni jambo la hatari kwa afya yake. Asisumbuliwe pia anapokaribia kujivua ngozi, wakati macho yake yamefunikwa na utando wa kijivu na haoni vyema. Na akiwa na watu wazima wawili chumbani, ni salama zaidi kuliko akiwa na mmoja.

Hayo yote yanawezekana mahali popote penye mtu makini. Tatizo la Eastlands linaanzia kwenye hewa. Jiji la Nairobi liko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni hadi Agosti baridi ya usiku huteremka hadi nyuzi kumi na kitu. Boa wa Amazon anahitaji nyuzi kama 28 mchana, zisizopungua 22 usiku, pamoja na unyevu mwingi hewani. Chumba kimoja cha ghorofani Umoja au Kayole hakina joto hilo bila kifaa cha umeme kinachowaka saa zote, na umeme wenyewe hauaminiki. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima ilizama gizani, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta ukiwemo, na sehemu nyingi zilikaa kwa saa nyingi kabla ya stima kurejea. Nyoka aliyepoa hawezi kusaga chakula. Kilichomo tumboni huoza, naye hushikwa na maradhi ya mapafu ambayo madaktari wachache wa mifugo mitaani wamewahi kuyatibu.

Chakula nacho ni kitendawili. Mtu anaweza kudhani kwamba panya wa Gikomba au wa jaa la Dandora ni zawadi kwa mfugaji wa nyoka. Panya hao hubeba minyoo na viroboto, na wengi wao wamekula sumu ya panya iliyotegwa na wenye maduka. Sumu hiyo humfuata nyoka. Panya aliye hai naye anaweza kumtafuna boa ambaye hana njaa. Kwa sababu hizo wafugaji wa ng'ambo hutumia panya waliozalishwa kwa kazi hiyo, wakagandishwa, kisha wakapashwa moto kabla ya kutolewa kwa koleo ndefu. Ni nani katika ploti atakayekubali panya wahifadhiwe kwenye jokofu moja na sukumawiki?

Kisha kuna sheria, na hapa ndipo wengi hudanganyana. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013, iliyoanza kutekelezwa Januari 2014, haimruhusu mtu kuweka mnyamapori nyumbani bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Aidha, jamii nzima ya boa imo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini ambao Kenya ni mwanachama wake. Kumwingiza boa nchini bila hati za mkataba huo na za idara ya mifugo ni ulanguzi, hata kama mnunuzi alimwona tu mtandaoni na kutuma pesa kwa simu. Wanaodhani kwamba mahakama hujali pembe za ndovu na vifaru pekee wakumbuke Mei 2025, wakati mahakama jijini Nairobi ilipowatoza wanaume wanne, wakiwemo Wabelgiji wawili wenye umri wa miaka 19, faini ya Sh1 milioni kila mmoja au kifungo cha mwaka mmoja. Kosa lao lilikuwa kupatikana na maelfu ya chungu walionuia kuwauza ng'ambo kama wanyama wa kufugwa. Kama mdudu anaweza kumpeleka mtu kizimbani, nyoka wa mita moja na nusu hatamwacha nje.

Hatari iliyo kubwa kuliko meno ya boa, hata hivyo, ni ya macho ya binadamu. Nyumba za Eastlands zinagawana kuta, ngazi na kamba za kuanikia nguo. Boa wa mitini ana kichwa cha pembetatu na shingo nyembamba, lakini mwili wake hupita kwenye mwanya ambao mwenye nyumba hakuuona. Akitoroka, jirani atakayemkuta juu ya kamba ya nguo hatachunguza magamba ya midomo. Atamuua, na hatalaumiwa sana. Katika jamii nyingi nyoka ni ishara ya uchawi au ya adui wa kitabu cha Mwanzo, na si kila mahali ni kama Nyakach, ambako mwaka wa 2003 wanakijiji walimlinda chatu waliyemwita Omieri kwa imani kwamba ujio wake ni dalili ya mvua na mavuno. Mfugaji wa siri anaweza kujikuta akituhumiwa kwa mambo ambayo hakuna kibali kinachoweza kuyafuta.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Kijana aliyezoea kumshika boa wa kijani huanza kuamini kwamba kila nyoka wa mtini ni boa. Kenya haina boa wa mitini, lakini ina nyoka wengine wa kijani. Wamo ukukwi wembamba wasio na madhara, ambao hula vyura na mijusi. Wamo pia mamba wa kijani wa misitu ya Pwani, na nyoka yule mwenye macho makubwa anayejulikana kwa jina la Kiafrikana, boomslang, yaani nyoka wa mtini, ambaye ameenea sehemu nyingi za nchi. Huyu wa mwisho ni mwoga na huuma kwa nadra, ila sumu yake huzuia damu kuganda na dalili zake huchelewa kwa saa nyingi. Mnamo Septemba 1957, Karl Schmidt, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya nyoka duniani, alipokea jijini Chicago nyoka mchanga kutoka Afrika ili amtambue. Alishuku kuwa ni boomslang lakini hakuwa na hakika, akamshika vibaya, akaumwa kidoleni. Aliandika dalili zake mwenyewe badala ya kwenda hospitalini, akafa siku iliyofuata. Ikiwa bingwa alisita, mtazamaji wa video hana kisingizio.

Ndiyo maana aliyeumwa na nyoka asiyemtambua kwa hakika anapaswa kuhesabiwa kuwa ameumwa na mwenye sumu. Atulizwe, avuliwe pete na bangili, asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, asiwekewe jiwe jeusi, na apelekwe hospitalini mara moja. Na mwenye boa akiumwa asione haya kumwambia daktari ukweli. Dawa ya kuzuia sumu ni ghali na hutengenezwa kwa damu ya farasi. Kumpa mtu ambaye hana sumu mwilini ni kumhatarisha kwa mzio bila faida, na ni kumnyima mkulima anayeihitaji kweli. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka wa 2017 liliorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa maradhi yaliyopuuzwa, hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kutokana na sumu ya nyoka.

Ajabu ni kwamba boa anayesifiwa kwa upole katika maduka ya wanyama ya Ulaya na Marekani ni mwenyeji wa Kenya. Huyo ni boa wa mchanga, Eryx colubrinus, ambaye wageni humwita kwa jina la nchi hii. Huishi maeneo kame, ni mfupi na mnene, mkia wake ni butu, na hushinda amejifukia mchangani macho na pua tu zikiwa nje. Hana kupanda miti, hahitaji unyevu, na ni nadra kumuuma anayemshika kwa utaratibu. Tofauti yake na jamaa zake wa Amazon inaonyesha jinsi tabia inavyofuata makao: anayejificha chini hana haja ya kuruka, naye anayening'inia hewani hana nafasi ya kukosea. Lakini upole haumwondolei sheria. Kumchimbua Isiolo au Garissa na kumleta Buruburu bila kibali ni kosa lile lile.

Kwa anayetaka kuwajua nyoka pasipo kuvunja sheria, Bustani ya Nyoka iliyo katika Jumba la Makumbusho ya Taifa, Nairobi, imekuwa ikipokea wageni tangu 1961, na nauli ya matatu kutoka Eastlands haizidi gharama ya panya mmoja wa kugandishwa. Huko Watamu, kituo cha Bio-Ken kilichoanzishwa mwaka wa 1980 na James Ashe, kinafuga nyoka wa aina nyingi, hutoa mafunzo ya kuwashika na huitwa na wakazi kuwaondoa nyumbani mwao.

Aliye na boa tayari asimwachilie kandokando ya Mto Nairobi au katika msitu wa Karura kwa kudhani anamfanyia hisani. Uwezekano mkubwa ni kwamba baridi itamuua, na kabla ya kufa anaweza kuwaambukiza nyoka wa asili virusi vinavyoua boa na chatu, vilivyotambuliwa na watafiti mwaka wa 2012. Kule Florida, Marekani, chatu wa Asia waliotokana na biashara ya wanyama wa kufugwa wamejaa katika vinamasi vya Everglades na serikali imeshindwa kuwamaliza. Jambo la kufanya ni kuwasiliana na KWS, na kumhifadhi nyoka hadi maafisa wafike ndani ya mfuko wa pamba uliofungwa fundo, mfuko huo ukiwekwa ndani ya kasha gumu lenye matundu ya hewa, mahali penye joto na mbali na jua. Juu ya kasha iandikwe wazi kwamba ndani mna nyoka.